Futari Zisizofika Mia Tatu



Ndugu zangu, leo ni Ramadhani 18. Alhamdulillah, daku tumekula, nia tumetia, na Mola akipenda jioni tutafuturu. Tafakuri ya leo ni ya nyumbani kabisa. Ni ya watoto wetu, na namna ya kumshukuru Allah kwa siku zao za kawaida, zile ambazo hakuna anayezipiga picha.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini nema ya mtoto huonekana zaidi akishaondoka? Utamsikia mzee analalamika mwaka mzima, kelele, kelele, hakulaliki humu ndani. Kijana akienda bwenini wiki moja tu, mzee yuleyule anasema nyumba imepoa, anapita chumbani kunyoosha shuka ambalo halijalaliwa. Je, hivi ndivyo tulivyoumbwa, tushukuru kwa kuchelewa? Au ipo njia ya mtu kuishukuru nema angali nayo mkononi?

Saumu inatupa mwanzo wa jibu. Mwezi wa Shaabani ulipita mbele ya mtungi wa maji mara ngapi bila hata kuutazama? Leo saa nane mchana ukisikia tu kikombe kinagonga mtungi, shingo inageuka yenyewe. Maji ni yaleyale, ila leo umezuiliwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111, ameligusa jambo hili katika Ihyaa. Anaeleza kuwa watu hawaihesabu hewa kuwa ni nema, kwa sababu kila mtu anayo na haikatiki. Mtu abanwe pumzi kidogo kisha aachiwe, hapo ndipo atakapojua alikuwa na nini. Nema ya kila mara hujificha ndani ya wingi wake.

Mtoto ni nema ya namna hiyo. Anakuita mara hamsini kwa siku. Anakuuliza kofia yake iko wapi, na kofia iko kichwani. Anakueleza ndoto aliyoota usiku, ndoto ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho, nawe unafunga vifungo vya shati unachelewa kazini. Nani atakaa akashukuru kwa hayo?

Lakini baina ya mtoto na maji kuna tofauti moja kubwa. Maji ukiyakosa mchana, magharibi yanarudi. Adhana ikilia unakula tende, unakunywa, kiu imekwisha. Mtoto wa miaka saba akishapita, harudi. Atakayerudi kwenye likizo ni mtu wa miaka kumi na tisa, amekupita urefu, unampenda vilevile, ila si yule. Yule wa miaka saba hana magharibi yake.

*Hebu tupige hesabu*

Mchukue mtoto anayeanza kufunga mwezi mzima akiwa na miaka kumi. Mjaalie anakaa nawe mpaka miaka kumi na tisa, halafu anaondoka: chuo, kazi, ndoa, safari. Hapo mmepata Ramadhani tisa za kufunga pamoja. Mwezi una siku 29 au 30. Tisa mara thelathini ni 270.

Yaani futari zenu za pamoja, mzazi na mwana wote mmefunga, hazifiki mia tatu.

Sasa toa za skuli ya bweni. Toa za baba dereva aliye njiani na lori, za baba mvuvi aliye dago, za mama muuguzi mwenye zamu ya usiku. Toa na zile jioni mlizokaa mkeka mmoja, kila mtu kainamia simu yake. Zipo nyumba zitakazobaki na mia. Zipo zitakazobaki na hamsini.

Sisemi haya kumtia mtu simanzi mwezi mtukufu. Nasema kwa sababu kitu chenye idadi hutunzwa. Mwenye noti moja mfukoni anajua iko mfuko gani.

*Shukrani ina sehemu tatu*

Ghazali huyo huyo anasema shukrani imejengwa kwa vitu vitatu: ilimu, hali na amali. Ilimu ni kujua nema imetoka kwa nani. Hali ni ile furaha ya moyoni inayotokana na kujua huko. Amali ni kuitumia nema kwa namna anayoipenda aliyeitoa.

Tatizo letu, nadhani, ni kwamba tumeishika ile ya katikati peke yake. Tunangoja moyo ujae furaha ndipo tuseme tumeshukuru. Moyo wa mzazi aliyechoka haujai kwa kuamrishwa. Matokeo yake mtu anajiona hana shukrani, na kumbe shukrani anayo, ila iko katika sehemu mbili nyingine asizozihesabu.

Namfikiria mama mmoja jirani yangu. Saa kumi alasiri utamkuta jikoni kwake: muhogo wa nazi uko jikoni, uji wa pilipili manga unataka kukorogwa, kaimati zinasubiri mafuta yapate moto. Mtoto mdogo yuko mgongoni, wa kati kamwaga unga, na mkubwa anauliza kwa mara ya tisa, "Mama, bado ngapi?" Na yeye mwenyewe kafunga. Mtu akimjia saa ile akamwambia, dada, furahia watoto wako, wanakua haraka hawa, jamani! Hilo ni neno la kweli lililotumwa saa mbaya, na kwake litakuwa mzigo mwingine juu ya mizigo.

Je, yule mama hashukuru? Mie naona anashukuru sana. Ilimu anayo, maana ukimuuliza watoto hawa kakupa nani, hatatafuta jibu. Amali ndiyo hiyo inayotokota chunguni. Kilichopungua ni ile hali, na hali inataka nafasi ya kupumua. Kuchoka si kukufuru nema. Anayechoka kwa kubeba kitu, angalau hakukitupa.

Hapa kina baba tuambizane. Ukitaka mkeo apate kuwatazama watoto wenu kwa jicho la shukrani, mpunguzie kazi. Mchukue huyo wa mgongoni. Mfundishe huyo wa kati kuzoa unga alioumwaga. Baba anayerudi saa kumi na mbili na robo, akafuturu vilivyopikwa, akaswali, akaenda zake barazani, kisha akatuma kwenye magrupu maneno matamu kuhusu familia, huyo ana shukrani ya kidole tu. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kulea ndiko kushukuru kwenyewe.

*Mtume alipisha nafasi*

Tutazame mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imesimuliwa kuwa aliswali akiwa amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Imesimuliwa kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa kwenye sijda, akairefusha sijda mpaka maswahaba wakadhani kuna jambo limetokea, kumbe hakutaka kumharakisha mtoto. Na imesimuliwa kuwa alikuwa akianza swala akinuia kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kumwonea huruma mama yake.

Angalieni, mara moja kairefusha, mara nyingine kaifupisha. Zote mbili ni kwa ajili ya mtoto. Hakuna mahali alipomwambia mtoto asubiri kwanza amalize jambo kubwa. Alilipisha lile kubwa, swala yenyewe, ili mtoto apate nafasi ndani yake. Mie hapo ndipo ninapoiona shukrani ya mzazi kwa macho: kumpisha mtoto nafasi ndani ya shughuli uliyo nayo, hata kama moyo siku hiyo haukujaa.

Na maswahaba nao. Rubayyi' binti Mu'awwidh (R.A.) amesimulia kuwa walikuwa wakifunga siku ya Ashura na kuwafungisha watoto wao wadogo. Waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, na mtoto akililia chakula humpa kile achezee mpaka ufike wakati wa kufuturu. Hebu liwazeni jambo hilo. Madina ile, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, kulikuwa na mtoto analia njaa alasiri, na mama yake kafunga, anamtafutia cha kumpumbazia. Hadithi hiyo haina vita wala muujiza. Ni alasiri ya nyumbani tu, kama ya yule jirani yangu. Na imehifadhiwa, ikasimuliwa, ikaandikwa, ikatufikia. Basi tusiseme mambo haya ni madogo mno kwa dini.

Kwangu mie kitinda mimba wetu mwaka huu kaanza kufunga mpaka adhuhuri. Ikiadhiniwa tu anakuja mbio, anakula, anapangusa mdomo, kisha ananiambia, "Baba, sasa nimefunga tena." Tena. Mpaka magharibi anakuwa na saumu mbili, na anahesabu: kwa hesabu yake yeye katushinda sote nyumbani. Sitaki kumsahihisha bado. Mwaka kesho atajua mwenyewe, na hiyo hesabu itakuwa imekwisha.

*Kushukuru na kung'ang'ania*

Sasa tufike penye ugumu. Kuna mapenzi yanayojiita shukrani, na kumbe ni kung'ang'ania. Mzazi anaipenda nema mpaka anataka isimame hapohapo. Binti kapata nafasi ya kusoma mbali, anaambiwa mama atabaki na nani. Kijana anataka kuoa, inatafutwa ila kwa kila mchumba. Tukiulizwa tunasema ni kwa sababu tunawathamini.

Binti yetu mkubwa alipopata kazi Muscat, nyumba yetu ilijadili jambo hili wiki nzima. Mama yake alisema, "Mtoto huyu ndo kwanza nimeanza kukaa naye kama mwenzangu. Jana mtoto, leo rafiki, kesho hayupo. Hiyo shukrani gani ya kumtoa?" Ni swali la haki kabisa, wala sikuwa na jibu la haraka. Binti mwenyewe ndiye aliyelijibu, tena kwa upole, huku anachambua mchele. "Mama, umenifunza kupika, umenifunza kuswali, umenifunza kujisitiri na kujitegemea. Ulikuwa unanifunza nije nikae hapa hapa?"

Mama yake alinyamaza. Kisha akacheka, kisha akalia, yote kwa dakika moja.

Tunasema mtoto ni amana, neno liko mdomoni kila siku. Amana maana yake ni kitu cha mtu mwingine kilicho mikononi mwako. Mwenye amana akikitaka kiendelee na safari yake, mwaminifu hakifungii sandukuni. Na hapa ndipo ile amali ya Ghazali inapokamilika. Nema ya mtoto ilikusudiwa akue. Ukishukuru kwa utoto wake halafu ukachukia kukua kwake, umeipokea nusu ya zawadi na kumrudishia Mtoaji nusu nyingine.

Lakini kumwachia haimaanishi usiumie. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, Qur'ani imetusimulia katika Surat Yusuf. Nabii alilia, na alikuwa mwenye subira njema. Vitu hivyo viwili vilikaa katika kifua kimoja. Na baada ya miaka yote ile, shati la Yusuf likiwa bado njiani, aliihisi harufu ya mwanawe. Hiyo ni karama ya Mtume wa Allah, nasi hatujifananishi naye. Ila kila mzazi anaelewa kwa kiasi chake. Harufu ya mtoto huijui kwa kusoma. Unaijua kwa sababu siku moja alilala kifuani pako, nawe ulikuwepo.

Huyo wa Muscat sasa anafuturu kabla yetu kwa zaidi ya saa nzima, maana jua kwao linatua mapema kuliko huku Unguja. Basi kila jioni, mie bado nimefunga, simu inalia: picha ya sahani! Tambi, sambusa, juisi ya ukwaju. Na chini yake kaandika, "Baba, bado ngapi?" Swali lilelile alilokuwa akiniuliza akiwa na miaka saba, sasa kanigeuzia. Nikisoma nacheka peke yangu.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto wakubwa msione mlango umefungwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingiwa na binti yake Fatima (R.A.), mtu mzima, mke wa mtu, anasimama, anambusu, anamkalisha mahali pake. Mtoto akikua, nema haiishi, ila inabadilika sura. Jana ulimnyanyua, leo unanyanyuka kwa ajili yake.

*Kwa asiye naye*

Siwezi kumaliza bila neno hili. Ndugu mmoja aliniandikia kuwa tafakuri za watoto huwa anazipita, kwa sababu amemzika mwanawe. Na najua humu tunaye dada anayeomba mtoto kila Ramadhani kwa miaka sasa.

Kwenu sina wa kuwaamrisha mshukuru. Nakumbusha jambo moja tu. Mtume wetu, kwa kauli mashuhuri, alijaaliwa watoto saba, na wote waliondoka duniani kabla yake isipokuwa Fatima. Ibrahim alipofariki, mtoto mchanga, macho ya Mtume yalitoka machozi mbele ya watu, wala hakuyaficha. Aliyetufunza kuwabeba watoto ndani ya swala ni mtu aliyewateremsha kaburini. Hakuzungumza juu ya nema hii kutoka mahali pa starehe. Basi machozi yenu hayako nje ya dini hii, yako katikati yake.

Na sisi tulio nao, hilo litufunze adabu. Shukrani ya watoto haihitaji kutangazwa kila jioni kwa picha. Wakati mwingine shukrani ni kumpelekea sahani ya futari jirani anayekula peke yake, na kumwacha mtoto aibebe. Mtoto atajifunza kutoa, jirani atapata sauti ya mtoto mlangoni kwake, nawe utakuwa umeitumia nema pale Mwenyewe anapopenda.

*Kazi ya leo*

Leo jioni, dakika kumi kabla ya adhana, simu zote ziwekwe mbali, yako ya kwanza. Kaa kwenye mkeka na waliopo. Usihutubu. Wasikilize tu wanavyobishana nani achukue tende kubwa. Akikuuliza "bado ngapi?" mjibu, hata kama ni mara ya tisa.

Baada ya tarawehe, kama wazazi wako wako hai, wapigie. Katika Surat Al-Ahqaf, aya ya 15, tunaelezwa juu ya mtu aliyefika miaka arobaini akimwomba Mola amwezeshe kushukuru nema aliyompa yeye na aliyowapa wazazi wake, na amtengenezee kizazi chake. Aliye katikati anatazama huku na huku. Kumbuka nawe ulikuwa mtoto wa mtu. Kuna mkeka ulikalia, na kuna mtu alikuwa anakujibu. Kama wametangulia, waombee dua kabla hujalala.

Ewe Mola, tunakushukuru kwa watoto uliotupa na kwa siku zao ndogo ndogo. Tupe macho ya kuziona zikiwa bado zipo, mikono ya kuzihudumia tukiwa tumechoka, na moyo wa kuwaachia wakati wao ukifika. Walio mbali wahifadhi, wagonjwa waponye, waliotangulia mbele yetu wafanye akiba yetu kwako. Wanaosubiri, usiwaache mikono mitupu. Na sote tukutanishe, wazazi na wana, mahali ambapo hakuna anayeondoka. Aamin.

Funga njema. Tukutane kesho in shaa Allah, Ramadhani 19.